Kibichi Kiwe Kibichi, Kikavu Kikauke Kabisa
Somo la vikundi juu ya kuweka na kupika chakula cha msimu



Somo la safari hii ni refu kidogo, kwa hivyo kikundi kinaweza kuligawa kwa mikutano miwili. Mmoja asome kwa sauti na wengine wamkatize wanapotaka. Linahusu jambo ambalo kila mmoja wenu analifanya kila siku, na ni rahisi mtu kusema, "Hayo sisi tunayajua." Ni kweli mnayajua. Lakini hebu tuuangalie mwaka wetu ulivyo hapa Kitui na Makueni.

Mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili. Wiki tatu au nne baada ya kunyesha, kunde zina majani na watu wanaanza kupumua. Mwezi wa kwanza na wa pili ni kujaa: ndengu, kunde, mahindi, maboga, na maembe mpaka yanakosa wa kuyala. Mwezi wa saba na wa nane kuna mbaazi. Halafu ufike mwezi wa kumi. Mama yule yule aliyewamwagia ng'ombe maembe mwezi wa pili, sasa ameshika gorogoro moja anaenda dukani kununua mahindi kwa bei ya kuumiza.

Wazee wetu walizipa njaa majina. Moja ya miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake "ninakufa nikiwa nimeshika." Pesa ziko mkononi, lakini chakula cha kununua hakipo. Sisi tuliozaliwa miaka hiyo tumeipata midomoni mwa wazazi wetu. Mvua ikikosa, hatuwezi kuileta kwa mkutano wa kikundi. Lakini kati ya shamba na sufuria kuna chakula kingi kinachopotea, na hicho kiko mikononi mwetu.

Jambo kubwa la somo hili ni maji, si yale ya kisima bali yale yaliyo ndani ya chakula chenyewe. Mboga na matunda yana maji mengi. Ukitaka yakae mabichi, kazi yako ni kuyazuia maji hayo yasitoke na kuliondoa joto. Nafaka na vyakula vya kukausha, kazi yako ni kuyatoa maji hayo haraka na kuyamaliza. Hatari iko pale katikati, kwenye chakula ambacho si kibichi tena na bado hakijakauka. Hicho cha nusu-nusu ndicho kinachooza, na kimewahi kuua watu wetu.

Yaliyotupata mwaka 2004

Wengi mnakumbuka, na kuna nyumba ambazo hazihitaji kukumbushwa. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2004 na siku chache za mwezi wa saba, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakafura, maini yakashindwa kufanya kazi. Chanzo kilikuwa mahindi. Ndani yake mlikuwa na aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu, ule ukungu wa kijani au wa manjano unaoota juu ya punje. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa.

Wachunguzi walipofika walikuta mambo mawili. Mahindi yalikuwa yamevunwa mwezi wa pili huku mvua isiyotarajiwa ikinyesha, yakaingizwa ndani yakiwa na unyevu. Na waliougua zaidi walikuwa wale waliokuwa wameyaweka mahindi hayo ndani ya nyumba wanamolala, badala ya ghalani. Walipopima mahindi na unga uliokuwa ukiuzwa sokoni, zaidi ya nusu ulipita kiwango kilichoruhusiwa na serikali wakati huo.

Tuliangalie jambo hili kwa heshima. Watu wale hawakuwa wazembe. Katika mwaka wa njaa, nani ataacha mahindi ghalani usiku wezi wakiwa wanazunguka? Wakayaleta ndani, karibu na kitanda na jiko, mahali penye joto na pasipo upepo. Kwa kuvu, hapo ni kama shamba lililopaliliwa. Kwa hiyo ukimwambia mtu "usiweke mahindi ndani" bila kuzungumza naye habari za wezi, hujamsaidia. Kikundi kinaweza. Ghala moja lililojengwa vizuri kwa boma la mtu anayeaminika, lenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili, linaweza kuhifadhi magunia ya nyumba kumi. Mwethya ndio uliochimba matuta ya Ukambani. Kujenga ikumbi moja hakutaushinda.

Sasa kukausha kwenyewe. Mahindi yasianikwe juu ya udongo, maana kuvu hukaa udongoni. Tandika turubai au mkeka, au jenga kichanja. Mvua ikikukuta na mahindi shambani, yatoe, uyamenye maganda, uyaanike hapo hapo penye upepo. Usiyarundike ukingojea jua. Kupukuchua kwa kuyapiga na fimbo ndani ya gunia ni haraka, lakini punje zinapasuka, na ufa wa punje ndio mlango wa kuvu. Mkono ni bora, au mashine ndogo ya kupukuchulia ambayo kikundi kinaweza kuinunua kwa pamoja. Kisha chambua. Punje zilizovunjika, zilizooza, zilizobadilika rangi au zilizosinyaa zitoke.

Yamekauka kweli? Wengi wetu tunauma punje kwa jino, na jino la mzee mwenye uzoefu si la kudharau, lakini kuna kipimo cha chumvi ambacho mtoto wa shule anaweza kukifanya. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka robo, halafu chumvi kavu vijiko viwili au vitatu (ikiwa hewa ni ya mvua, ikaange chumvi kwanza kidogo kwa karai, maana nayo hunyonya maji). Funga, tikisa kwa dakika chache, uiache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani. Isipoganda, usikimbilie kufunga gunia. Anika siku moja au mbili zaidi, kwa sababu mahindi ya kukaa miezi yanatakiwa yashuke mpaka asilimia 13 hivi.

Yale magunia yenye mifuko miwili ya plastiki ndani, yasiyopitisha hewa, ni mazuri sana kwa kuzuia wadudu bila dawa. Mdudu anakosa hewa na kufa. Lakini yanafaa mahindi makavu peke yake. Ukifunga humo mahindi yenye unyevu, umeyafungia ndani na shida yake. Tena panya akitoboa tundu moja, gunia limekuwa kama gunia lingine lolote, kwa hivyo liinue juu ya mbao na liwe mbali na ukuta.

Jambo moja lisiachwe bila kusemwa katika mkutano: moto wa jikoni hauiondoi sumu hii. Kuchemsha hakuiondoi, na kusaga unga wa ugali kunaisambaza tu. Ndugu zangu wengine huuliza juu ya muthokoi, kwa sababu tunapokoboa ganda linatoka. Ni swali zuri. Wataalamu wa hapa Kenya walilipima jambo hili, na wakakuta kukoboa mahindi kuwa muthokoi kulipunguza sumu kwa karibu nusu kwa wastani. Katika mahindi mengine ilipungua sana na katika mengine kidogo mno. Basi muthokoi ni njia nzuri ya kupika mahindi mazuri, lakini haitakasi mahindi mabovu. Na zile pumba za mahindi yaliyoota ukungu wasipewe kuku, wala ng'ombe, kwa sababu kwa ng'ombe sumu hupita mpaka kwenye maziwa, na maziwa tunawapa watoto. Mahindi ya namna hiyo yazikwe au yachomwe. Inauma, lakini ni hivyo.

Majani ya kunde

Mboga hii ndiyo ya kwanza kutuokoa baada ya mvua, halafu katika wiki chache inatupotea. Inakuja nyingi kwa pamoja, sokoni fungu linashuka bei mpaka aibu, kisha kunde zinatoa maua, majani yanakuwa magumu, na tunarudi kununua sukuma wiki inayotoka mbali. Kuyakausha majani ya kunde si ujuzi mpya. Shosho wengi waliyaanika juu ya paa. Tunachoongeza ni mambo mawili madogo, maji ya moto na kivuli.

Chuma asubuhi, majani machanga, kabla maua hayajatoka. Yaoshe yakiwa mazima, ndipo uyakate, maana ukikata kwanza halafu ukaosha, unamwaga vitamini pamoja na maji. Weka sufuria ya maji yenye chumvi kidogo motoni mpaka yachemke sana. Tumbukiza majani kwa dakika mbili au tatu tu, uyatoe, uyachuje. Hatua hiyo inayazuia yasipoteze rangi na ladha baadaye. Kisha yatandaze membamba juu ya wavu au kitambaa safi kilichoinuliwa kutoka chini, mahali penye upepo na kivuli, au ufunike kwa kitambaa cheusi chepesi. Jua kali linaua vitamini A, na hiyo ndiyo vitamini ya macho na ya kuwakinga watoto na maradhi. Yakiwa tayari, jani likibanwa mkononi linavunjika na kutoa sauti kama karatasi. Likijikunja tu, bado. Weka kwa mkebe mkavu unaofunga vizuri, gizani, na uandike tarehe.

Siku ya kupika, yaloweke nusu saa katika maji ya vuguvugu na upike kwa maji yayo hayo. Hapa najua akina mama wengine watanipinga, lakini nitasema. Magadi yanalainisha mboga haraka, ndiyo, lakini yanaharibu vitamini C na baadhi ya zile za kundi B. Ukichuma majani machanga hutayahitaji. Funika sufuria, moto wa wastani, muda mfupi. Usimwage supu yake. Mwishoni tia mafuta kidogo, au maziwa, au karanga zilizopondwa. Si kwa sababu ya utamu peke yake. Vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta, na mtoto anayekula mboga ya kuchemshwa tupu anakula nusu ya faida yake. Kamulia ndimu juu, au mpe mtoto embe baada ya chakula, na ile madini ya chuma iliyo kwenye kunde na kwenye maharagwe itaingia kwenye damu vizuri zaidi. Chai inafanya kinyume. Chai ya majani inayonywewa pamoja na isyo inaizuia chuma, kwa hivyo, hasa kwa mama mjamzito, chai ingojee saa moja au mbili.

Majani ya boga na mchicha hukaushwa kwa namna hiyo hiyo.

Kuweka mboga mbichi bila friji

Kwa wale wanaouza mboga na nyanya, kuna njia ya kuondoa joto kwa maji yanayokauka, ile ile inayofanya maji ya mtungi kuwa baridi. Njia ndogo kabisa ni vyungu viwili. Chungu kikubwa, kidogo ndani yake, na mchanga katikati. Mchanga unyweshwe maji asubuhi na jioni, juu ufunike kwa kitambaa chenye maji, na vyungu vikae kivulini penye upepo. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliieneza njia hii huko kwao miaka ya 1990. Katika majaribio yake biringanya zilizokuwa zikiharibika kwa siku 3 zilikaa siku 27, na nyanya zikafika wiki tatu. Huku kwetu vyungu vinafinyangwa na akina mama wetu wenyewe, kwa hivyo hata pesa zinabaki kijijini.

Njia kubwa ni kibanda. Nguzo nne, wavu wa waya mara mbili kila upande ukiacha nafasi ya upana wa kiganja, na ndani ya nafasi hiyo mkaa. Juu paa la nyasi, ndani rafu za fito. Maji yanadondoka polepole kutoka kwa mkebe uliotobolewa au mpira wenye matundu. Vitabu vyote vinasema mkaa, lakini sisi wa Kitui na mkaa tuna kesi ndefu, na mwaka 2018 kaunti ilipiga marufuku biashara ya kuusafirisha. Hakuna haja ya kukata mti ili kupoza nyanya. Vipande vya matofali yaliyovunjika vinanyonya maji pia, na vile vidogo vidogo vya mkaa vinavyobaki chini ya gunia havina kazi nyingine.

Lakini kabla kikundi hakijachanga pesa za kibanda, ulizeni maji yatatoka wapi. Ikiwa akina mama wanatembea saa mbili kwenda mtoni, kibanda hicho kitawaongezea mzigo, na baada ya mwezi mmoja kitakuwa banda la kuku. Pale penye tangi la shule au kisima karibu, kitadumu. Mjue pia kwamba kinafanya kazi vizuri wakati hewa ni kavu, mwezi wa pili au wa tisa. Mvua ikinyesha mwezi wa kumi na moja ubaridi wake unapungua. Na msiweke maembe yaliyoiva au ndizi pamoja na mboga. Matunda yanayoiva hutoa hewa inayogeuza majani kuwa manjano.

Maboga hayana shida nyingi: yavune na kikonyo chake, usiyaangushe, yaweke penye hewa, yatakaa miezi. Mbaazi mbichi ziache ndani ya maganda mpaka siku ya kupika. Zile kavu, pamoja na kunde na ndengu, hupata wadudu wakiwa bado shambani, kwa hivyo usingoje uone tundu. Zianike juani vizuri, zichekeche, kisha ziingie katika gunia lisilopitisha hewa, au kwa kiasi kidogo zipake mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo, uchanganye kwa mikono mpaka kila punje ing'ae.

Maembe

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Broka anakuja na lori lake, anakuta kila nyumba iko peke yake na maembe yameshaiva, na anajua kabisa kwamba usipomuuzia leo, keshokutwa ni ya nzi. Bei anaipanga yeye. Kikundi kinachovuna pamoja na kuchagua pamoja kinaongea na broka kwa sauti nyingine. Makueni kuna pia kiwanda cha matunda cha Kalamba, ambacho serikali ya kaunti ilikianzisha mwaka 2017. Lakini hata kiwanda kinataka embe zima, lisilopondeka, lisilo na funza.

Kwa hivyo mti usitikiswe. Embe likatwe na kikonyo kidogo, lilazwe kikonyo kikiangalia chini mpaka utomvu utoke, maana utomvu unaunguza ganda na doa jeusi linashusha bei. Libebwe kwa kreti, si kwa gunia la kukaliwa juu. Yale yaliyoanguka yasiachwe chini ya mti. Nzi wa matunda aliyegunduliwa hapa Kenya mwaka 2003 hutaga ndani ya embe, na funza wake wakitoka huingia udongoni na kurudi juu wakiwa nzi. Ni kwa ajili yake Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, mpaka njia ilipofunguliwa tena mwaka 2021. Yaliyoanguka yazikwe futi mbili chini, au yafungwe ndani ya plastiki nyeusi na kuachwa juani mpaka funza wafe. Jirani mmoja akikataa, nzi wake watakuja kwako, kwa hivyo hii ni kazi ya utui mzima.

Yanayobaki baada ya kuuza ndiyo ya kukausha. Chagua yaliyoiva lakini magumu kidogo. Osha, menya, kata vipande vyenye unene wa penseli, vichovye katika maji yenye ndimu. Tandaza kwenye wavu ulioinuliwa, ndani ya kikausho cha mbao na plastiki angavu ili vumbi na nzi visifike. Baada ya siku mbili au tatu za jua, kipande kiwe kama ngozi laini: kinapinda bila kuvunjika, na ukikipasua hakitoi maji. Kilo kumi za maembe hutoa kilo moja hivi, basi usishangae ukiona yamepungua. Ile kanuni yetu inarudi hapa. Vipande vinavyonata na kutoa maji vikifungwa kwa plastiki vitaota ukungu katika wiki moja, hata kama kwa macho vinapendeza.

Maembe mabichi yaliyoangushwa na upepo, kama ni mazima, ni ya achari. Yakate na ganda lake, yapake chumvi, yaanike siku moja au mbili mpaka yanyauke. Chemsha siki pamoja na pilipili ya unga, kitunguu saumu, bizari na sukari kidogo, tia vipande, vichemke dakika chache, kisha uvijaze vikiwa moto katika chupa zilizochemshwa. Mtungi mmoja wa achari na isyo ya mwezi wa tisa, watoto hawatauliza nyama iko wapi. Kwa matumizi ya nyumbani hakuna masharti. Mkitaka kuuza madukani, achari au maembe makavu, mtahitaji alama ya Shirika la Viwango la Kenya, kwa hivyo mwende kumwona afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua chupa mia mbili.

Kuni na kikapu

Chakula kikavu kina gharama yake, nayo ni kuni. Muthokoi na mbaazi kavu zinaweza kula mzigo mzima wa kuni kwa siku moja, na mama akihesabu hilo anaamua kupika chapati. Loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, chemsha kwa nguvu nusu saa au zaidi. Halafu sufuria, ikiwa imefunikwa na bado inatokota, iingie ndani ya kikapu kikubwa kilichojazwa matambara, manyoya ya kondoo au majani makavu ya ndizi, na juu mto wa kuifunika. Enda shambani. Saa nne au tano baadaye utakuta imeiva bila kuni nyingine. Maharagwe hasa yasiruke ile hatua ya kuchemka kwa nguvu, kwa sababu yakiivishwa kwa joto dogo peke yake yanaumiza tumbo. Kabla ya kupakua, rudisha motoni ichemke tena, na hapo ndipo utie kunde kavu, kitunguu na mafuta.

Kazi ya kikundi na maswali ya kujadiliana

1. Kila mmoja aje mkutano ujao na gorogoro moja ya mahindi kutoka ghalani kwake na chupa ya kioo. Fanyeni kipimo cha chumvi pamoja. Asichekwe mtu ambaye chumvi yake imeganda. Msaidieni kuanika siku hiyo hiyo.

2. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi zinaweka mahindi mahali watu wanapolala? Ni nini kinachowafanya waogope ghala, na kikundi kinaweza kufanya nini juu ya hofu hiyo?

3. Kunde zikiota baada ya mvua, nani ana sufuria kubwa, nani ana wavu, na tutakausha kwa nani?

4. Maji ya kibanda cha kupozea yatatoka wapi, na nani atayabeba?

5. Mwaka uliopita broka alinunua embe kwa bei gani katika kila boma? Andikeni bei zote kwenye karatasi moja, kuanzia ya chini mpaka ya juu, na mweka hazina aihifadhi mpaka mwezi wa kumi na mbili.